Nyumba Iliyozidi

Kilburn, London
Jumapili, tarehe 12 Januari

Dada yangu Somoe,

Salamu zangu zikukute umekaa kitako, maana goti lako nalijua na barua hii si ya kusomwa umesimama. Mimi mdogo wako ni mzima. Baridi ya mwaka huu imekuja na hasira, juzi nilipiga chafya pale stesheni ya Kilburn, treni ikasubiri nimalize, lakini kifua kiko imara na chakula kinapanda. Naulizia hali ya shemeji na presha yake, hali ya wajukuu, na yule mbuzi wako wa pembe moja kama bado anafungua mlango mwenyewe. Na Shangazi Siwema je, akili zake bado ziko palepale? Hilo la Shangazi usilipite haraka, nitalirudia.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara sita, mara mbili ndani ya basi. Unasema fundi amepatikana, saruji imeshavushwa, na Shaabani ikiingia mnataka kumjengea Bibi kaburi lake kule Nyamkole ya Kale, na jiwe lenye jina. Unasema mnangoja neno langu tu, kwa kuwa mimi ndiye niliyelitafuta lile kaburi nikaliona.

Neno langu limo humu. Kwenye simu ungenikatiza, au mimi ningekuchekesha tukaishia hapo, kama tulivyozoea. Ndiyo maana nimemwomba Godlisten, nesi mwenzetu anayekuja likizo, akufikishie mkononi. Ni mtu wa kanisa, hafungui bahasha za watu. Lakini kabla ya kufika kwetu itabidi nikupitishe kwenye mto wa watu wengine. Nivumilie.

Kazi yangu unaijua, nawahudumia wazee majumbani mwao, kuwaogesha, kuwapa dawa zao, kuwasikiliza. Sijisifu, lakini wazee wa Kilburn wananingoja mimi kama mwezi wa Idi. Kuna mmoja alikuwa hajaoga tangu vita viishe. Nilipoingia mimi, dakika kumi, akaomba sabuni ya pili. Vita gani usiniulize.

Katika wazee hao yuko Bi Jane. Ana miaka themanini na nane, anakaa peke yake kwenye flati ya ghorofa ya tatu, juu ya duka la dawa la Bhavini. Huyu Bhavini ni Mhindi mzaliwa wa Mwanza, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu na ulimi wake ni wembe. Akiniona napanda ngazi huniuliza leo nimeua kiboko wa ngapi, maana niliwahi kumsimulia viboko wa mtoni kwetu. Bi Jane mwenyewe ni Mmarekani mweusi, mtu wa Alabama, kusini kabisa kwao. Mumewe alikuwa fundi wa ndege za jeshi, akaletwa kambi ya huku, akafia huku, mama akabaki akashona mapazia ya hospitali miaka thelathini.

Mimi nilijua Marekani ni maghorofa tu. Dada, nilikuwa mjinga. Siku ya kwanza aliniuliza kwetu wapi. Nikasema Tanzania, nikangoja aniulize simba, wote huuliza simba. Akauliza sehemu gani. Nikasema Rufiji, mtoni. Akaweka kikombe chini akauliza mto huo unafurika mwezi gani. Miaka kumi na tisa niko katika jiji hili, hakuna aliyewahi kuniuliza mto wetu unafurika mwezi gani. Nilikaa kwenye kiti bila kukaribishwa.

Akavua mkanda wa gauni lake la asubuhi akaulaza mezani ukiwa umejikunjakunja, huo ndio mto. Kopo la chumvi likawa kanisa la Sayuni. Akanieleza kaunti yao yote, kaunti huko ni kama wilaya. Upande mmoja wa mto ni genge refu la udongo mwekundu, na juu yake ndiko walikokaa wenye mashamba, na mahakama, na saa kubwa ya mnara. Upande wa pili ni bondeni, udongo mweusi unaonata kama ugali wa jana, na huko walikaa watu wake. Akasema mto ukifurika hukaa wiki tatu, ukirudi unaacha tope jipya, na juu ya tope hilo wanapanda bila kungoja mvua. Nikamwambia Bi Jane, hiyo ni mlao, sisi tumezaliwa nayo. Akataka nilitamke tena lile neno. Akalitamka yeye, kwa lafudhi ya pua, mlao.

Historia yao inatisha, dada. Kwanza walikuwepo wenyeji wenyewe wa nchi, wakafukuzwa kwa miguu hadi magharibi ya mbali, yakabaki matuta yao makubwa ya udongo ambayo hata jembe la mkulima huyazunguka. Kisha wakaja wenye pamba pamoja na watumwa wao. Meli za moshi zikawa zinapanda mto kuchukua marobota, na babu wa babu yake aliuzwa hapohapo kwenye gati, siku moja na nyumbu wawili wa kukokota jembe. Utumwa ulipokwisha, watu wa bondeni walijikusanya wakanunua ardhi iliyokataliwa na kila mtu kwa sababu ya mafuriko, wakaigawa nusu eka kila nyumba, na kijiji wakakiita hivyohivyo, Nusu Eka.

Nami nikamweleza pamba ilivyotuingia sisi. Mjerumani alivyowachapa babu zetu walime pamba yake, mpaka wakanywa maji ya dawa wakaingia vitani mikono mitupu. Hapo sikuongeza kitu, ile habari haihitaji mkono wangu. Bi Jane akasema kumbe pamba ilitutafuta kote.

Basi tukawa watani. Yeye akisema kambare wa mto wao ana uzito wa ndama, mimi nasema wa kwetu huvua mvuvi. Yeye akisema mto wao ulihama ukaacha daraja likiwa juu ya nchi kavu, mimi nasema wetu ulimhamisha diwani akiwa usingizini.

Alipokuwa na miaka kumi na miwili mto ulipanda ukaichukua Nusu Eka yote. Watu wakahamia juu gengeni, wengine wakapanda treni wakaenda kutafuta kazi kaskazini. Kanisa lilibaki ngazi tatu za mawe. Makaburi yakabaki bondeni na msitu ukaja juu yake. Nilipomwambia na sisi tulihamishwa bondeni, siyo na maji bali na serikali, mwaka wa sitini na tisa, na makaburi yetu yakabaki ng'ambo, alinitazama kama mtu aliyekutana na jirani yake ugenini.

Sasa sikiliza ajabu yenyewe. Yule mama ana kijiji chote kichwani. Kila asubuhi nikimwosha miguu ndani ya beseni, anaanza kwenye ngazi za kanisa na kwenda nyumba kwa nyumba hadi makaburini, nyumba kumi na nne. Kwa mfuga nyuki. Kwa wajane wawili wasiosemezana. Kwa mhunzi. Kwa mkunga. Anasema nani alikuwa na mlango wa bluu, nani alipiga gitaa Jumapili akatengwa. Hakuna ramani yenye nyumba hizo, niliuliza hata maktaba. Nimeingia makumbusho ya jiji hili yenye maiti za wafalme na dhahabu hadi macho yanauma, sijaona kitu kama mwanamke wa miaka themanini na nane, miguu majini, anajenga kijiji kwa mdomo na asubuhi inayofuata anakijenga tena.

Mwaka jana akaanza kukwama. Akishafika kwa mhunzi, ukimya. Anarudi kanisani, anaanza upya, anafika kwa mhunzi, ukimya, na machozi yanadondokea kwenye beseni. Mimi siwezi kuona mtu mzima analia. Siku moja nikamsogeza kidogo. Nikasema baada ya mhunzi, Bi Jane, kuna ile nyumba yenye miguu mirefu, ya kulindia mpunga viboko wasile. Yaani dungu letu, dada, lile la baba. Akanitazama, akacheka, akaendelea kwa mkunga hadi makaburini bila kukwama. Kesho yake nikaliweka tena. Baada ya mwezi mmoja akawa analisema mwenyewe.

Najua utauliza kwa nini dungu, kwa nini sikungoja akumbuke. Nilitaka na kwetu kuwemo. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine ya kupamba.

Mwezi wa kumi na moja ikapigwa simu kutoka Alabama. Ni Naftali, mtoto wa kaka yake, shemasi, mtu mzima wa miaka sitini. Akasema kampuni ya mbao imenunua msitu wa bondeni, wanataka kuukata na kusawazisha ardhi. Sheria yao inakataza kugusa makaburi, lakini lazima mtu ayaonyeshe yalipo, na karatasi za Nusu Eka zilikwenda na maji. Aliye hai aliyewahi kutembea kutoka kanisani hadi makaburini amebaki mmoja, na yuko Kilburn, hawezi kushuka ngazi. Kaunti imetoa siku moja. Mpimaji wa ardhi atakuja, akionyeshwa atachora, asipoonyeshwa atafunga faili na mashine zitaingia.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi hii iliyopita, saa tisa alasiri huku London, kwao saa tatu asubuhi. Bhavini alifunga duka akapanda na kompyuta yake. Bi Jane alivaa kofia ya kanisani yenye unyoya. Kwenye kioo tukamwona Naftali amesimama juu ya zile ngazi tatu, pumzi inatoka kama moshi, nyuma yake mpimaji na ubao wake wa kuandikia. Bhavini akaninong'oneza kwamba leo nikae kimya kama dawa ya kupaka, na mimi nikatii, nilikuwa nimeshika beseni tupu sijui kwa nini.

Bi Jane akamwambia Naftali aweke mgongo kanisani, mto uwe mkono wake wa kushoto, kila nyumba hatua hamsini. Naftali akatembea, simu mkononi, miti inapita kwenye kioo. Kwa mfuga nyuki. Kwa wajane wawili. Kwa mhunzi akasukuma majani kwa kiatu, akainua kipande cha chuma kilichoungua, akatuonyesha. Mpimaji akaandika. Akatembea hatua hamsini nyingine. Bi Jane, kichwa juu, akasema hapo ni nyumba yenye miguu mirefu, ya kulindia mpunga viboko wasile.

Naftali akasimama. Akauliza kwa heshima, shangazi, viboko? Mpimaji naye hakucheka, laiti angecheka. Alisema kwa upole kwamba mama amechoka, na umri ni umri, hakuna kiboko Alabama. Nikamwona anafunga kalamu yake. Bi Jane akaanza kutazama huku na huku chumbani kama mtu aliyeamka nyumba ya wageni. Akasema ilikuwepo, nyumba ilikuwepo, anaiona kila siku.

Bhavini akageuka. Akasema kwa Kiswahili, taratibu, Rajab, huyo kiboko ni wako.

Dada, ulimi wangu unaujua, haujawahi kukauka hata mwezi wa Ramadhani. Ulikauka. Ningeweza kunyamaza, wangemwona bibi kizee aliyechanganyikiwa na mambo yangekwisha, mimi ningeenda zamu ya jioni. Nikasogea mbele ya kioo. Nikasema kwa Kiingereza changu cha darasa la saba kwamba mama huyu hajapotea. Ile nyumba ni ya baba yangu, iko Rufiji, mimi ndiye niliyeiingiza kijijini mwao. Iondoeni. Hapo mliposimama ndipo kwa mkunga. Mpimaji akauliza mimi ni nani. Tangu nije nchi hii hilo swali sijawahi kulijibu chini ya dakika tano. Nikasema mimi ndiye ninayemwosha miguu. Akauliza kama kuna kingine nilichoongeza. Nikafikiri kwelikweli, nyumba moja baada ya nyingine, nikasema hapana, ni hiyo tu.

Nikapiga magoti nikamshika Bi Jane miguu, viatu na vyote. Nikamwambia anzia kwa mhunzi, mama, na usinisikilize mimi. Akafumba macho. Halafu akasema mkunga ana kisima cha matofali, upande linakochomoza jua, mdomo wake mviringo, watoto walikatazwa kukikaribia. Naftali akaenda upande huo akichoma ardhi na fimbo yake. Mara ya nne fimbo ikagonga. Akapiga magoti, akafukua majani kwa mikono, tukayaona matofali yamekaa duara.

Nikasikia kalamu inafunguliwa.

Waliobaki aliwapitia bila kuvuta pumzi. Baada ya nyumba ya kumi na nne kulikuwa na mimea yenye majani makali kama mkonge, katikati ya msitu usio na mkonge mwingine. Bi Jane akasema hiyo waliipanda wao, iwashike wafu wasihangaike. Naftali akainama, tukaona makombe ya pwani, meupe, wakati bahari iko mbali mwendo wa siku nzima wa gari. Halafu akaokota sahani, imezama nusu, ukingo wa bluu, na katikati ina tundu. Bi Jane akasema hiyo ni ya mama yake. Aliitoboa yeye mwenyewe kwa msumari akiwa na miaka tisa, ili isije ikatumiwa tena na walio hai.

Dada, sahani iliyotobolewa, juu ya kaburi, kama kwetu, lakini Alabama. Nani aliwafundisha? Waliivushaje desturi hiyo bahari ile, wakiwa wamefungwa minyororo, hawana hata kikombe? Nimejiuliza siku tatu. Mpimaji alivua kofia. Bi Jane akataja majina ishirini na tatu, kila jina mpimaji anaweka kijiti. Bhavini aliniuliza nalia nini, nikasema kitunguu, na mle ndani hamkuwa na kitunguu.

Sasa neno langu.

Mama alituambia kwamba kwenye kaburi la Bibi alifukia bakuli lenye ua jekundu, akalitoboa kwa mkono wake. Wewe kila Shaabani unaniambia hulioni bakuli, na mimi nilikujibu mamba alilibeba akanywee uji. Ulicheka. Ukoo wote ulicheka, mpaka leo harusini wananiomba niisimulie ile ya mamba na bakuli. Dada, hakuna mamba. Bakuli halipo kwa sababu kaburi halipo. Mwaka ule wa tisini na sita, mama yuko kitandani, mkanituma nivuke nikalitafute, mimi sikuvuka. Nilifika ukingoni maji yamejaa, mtumbwi wa jana yake ulikuwa umepinduka, miguu ikagoma. Nilikaa siku tatu kwenye dungu la watu upande wetu huu, nakula mahindi yao ya kuchoma na kutunga maneno. Nikarudi nikamwambia mama nimemwona Bibi. Akatabasamu, wiki ya tatu akafariki. Kiangazi mkataka niwapeleke, nikatangulia mbele kwa kujiamini, nikaona kichuguu kimeota majani marefu, nikasema ni hapa.

Usije ukanitetea kwamba nilidanganya ili mama afe ametulia. Nilidanganya kwa woga, utulivu wa mama ulikuja wenyewe. Miaka ishirini na minane umevuka mto na goti hilo, umefagia, umesoma Yasini, juu ya kichuguu nilichokichagua kwa jicho. Sijui kama chini yake kuna mtu. Kama yupo, si haba amepata dua zako. Lakini jina la Bibi usiliandike pale. Mzuie fundi.

Nenda kwa Shangazi Siwema. Alipohamishwa kutoka Nyamkole ya Kale alikuwa msichana wa miaka ishirini na nane, ameitembea ile njia ya msikitini hadi makaburini mara elfu. Nenda asubuhi, hajachoka. Mwekee maji ya uvuguvugu miguuni. Muulize nyumba iliyofuata msikiti ilikuwa ya nani, halafu iliyofuata hiyo. Akikwama, mwache akwame. Akilia, mwache alie. Hata ukidhani unajua, usimwongezee nyumba. Andika analosema yeye tu, kwa mpangilio wake.

Usimtume mtu kutembea. Nimechukua likizo, naingia Dar tarehe nane mwezi wa pili, kabla ya nusu ya Shaabani. Shangazi atataja kwenye simu, wewe utaandika, na mimi ndiye nitakayekuwa ng'ambo na fimbo nikitafuta bakuli. Maji yawe yamejaa au yamepungua, safari hii navuka. Barua nimeitanguliza makusudi, nataka nikukute umeshakasirika, nisije nikakuchekesha ukasahau.

Msalimie shemeji, na hili mweleze wewe mwenyewe kwa namna utakayoona inafaa. Wabusu wajukuu kwa niaba yangu. Bhavini anasema nikuambie amekuonea huruma kuwa na ndugu kama mimi. Bi Jane anakusalimu sana, anauliza kama mto umeshaanza kupanda. Jana nikimwosha miguu alifika kwa mhunzi akanyamaza, nami nikanyamaza, mpaka maji yakapoa. Mwisho akauliza ile nyumba ya miguu mirefu imekwenda wapi. Nikamwambia imerudi kwao.

Ni mimi mdogo wako, niliyekukosea,
Rajab